Dawa ya Shangazi na Uduvi Wangu

Diploma yangu ya maabara niliilipia mwenyewe, kwa kubeba magunia Kariakoo. Nasema hivyo kila mara kwa sababu wapo waliotabiri kwamba nitarudi Singida na kikohozi tu. Nilirudi na cheti, koti jeupe na kazi katika maabara ya chuo kimoja mjini, na hadi leo hakuna pale anayenifikia kwa usafi wa mkono.

Mtu wa kwanza kunitumia sawasawa alikuwa shangazi yangu wa Manyoni. Kwa miaka mingi amewauzia wafugaji maji ya mizizi anayoichemsha mwenyewe, ya kuoshea vidonda vya ng'ombe. Safari hii alitaka kuyapeleka mnadani kama dawa ya watu, ya kunywa, ya tumbo. Chupa alikuwa ameshajaza. Moja akaniletea.

"Pima, baba. Nataka niwaambie imepimwa na mwanangu."

Nilipanda bakteria kwenye visahani vya chakula chao, kilichoganda kama uji uliopoa. Nikatoboa vishimo, nikadondoshea dawa. Kesho yake kila kishimo kilizungukwa na duara safi: bakteria hawakuota. Shangazi alipiga kigelegele mpaka mkuu wangu akachungulia kuona nani anaolewa.

"Basi niache niende zangu mnadani."

"Bado, shangazi. Hata dawa ya choo inaua bakteria. Utainywa?"

Kipimo changu cha sumu kilikuwa uduvi, wadogo kiasi cha kutafutwa kwa lenzi, niliowaangua kwenye maji ya chumvi.

"Chumvi ya kununua? Si ungechota maji ya ziwa Singidani bure," alisema.

Asubuhi iliyofuata, uduvi wa kwenye maji ya chumvi pekee walikuwa wanacheza. Waliotiwa dawa yake walikuwa wamelala chini wote, hata pale nilipoizimua mno. Nikampa lenzi ajionee.

"Mimi sijawahi kutibu uduvi," alisema hatimaye.

"Ndiyo maana nimeanza nao. Hawana ndugu wa kuja kukushtaki."

Hakucheka. Alifikiria chupa zake, na watu wa Mitundu na Itigi waliomwamini kuliko duka la dawa. Kisha akauliza, "Na ng'ombe?"

"Ng'ombe haoshwi tumboni. Endelea kama zamani."

Siku ya mnada nilivaa koti langu jeupe, juani, kwa makusudi. Shangazi alisimama mbele ya chupa zilezile akitangaza: "Ya kuosha ng'ombe. Ukiinywa shauri yako, imeua uduvi." Mzee mmoja akauliza kama basi ina nguvu.

"Ina nguvu kupita kiasi," akamjibu, "ndiyo maana huinywi."

Mzee akachukua mbili, akaninyooshea fimbo. "Na huyu daktari?"

"Si daktari. Ndiye aliyenizuia," shangazi akasema, kwa majivuno makubwa kuliko yangu, nami nikamwacha ajivune.