Ungo Niliofundishia Kiingereza

Siku niliyoripoti shuleni Bigwa, Mkuu wa Shule alinipa boksi la chaki na amri moja. "Mwalimu, darasani ni Kiingereza tu. Kiswahili unakiacha getini." Nikaitikia. Nilikuwa na shati jipya na maringo ya chuo.

Kidato cha kwanza walinivua maringo hayo kwa maneno mawili, borrow na lend. Kwetu anayetoa jembe anaazima, anayelichukua naye anaazima, na maisha yanaendelea. Mwingereza amewagawia kila mmoja neno lake: borrow la mwenye shida, lend la mwenye mali. Nilieleza kwa Kiingereza wiki nzima. Wanafunzi walinitazama kwa huruma.

Nilikuwa bado katika majaribio, kipindi ambacho mwalimu mpya hajathibitishwa kazini, na Mkaguzi wa Shule alikuwa anakuja. Somo likiharibika mbele yake, ningerudi kwetu na shati langu. Basi nikabeba ungo wa mke wangu hadi darasani. Anayeuomba aseme borrow, anayeuachia aseme lend. Ungo ukazunguka madawati yote, na kwa mara ya kwanza nikawasikia wakigombania kusema Kiingereza. Siku ilipokwisha nikampa Zena, msichana mkimya aliyeshuka kila siku kutoka mlimani, auchukue na kuurudisha kesho yake mbele ya Mkaguzi.

Kesho yake Mkaguzi alikaa nyuma na faili lake, Mkuu wa Shule pembeni. Zena akaingia na ungo umejaa ndizi mbivu. Darasa likaangua kicheko, mimi jasho likanitoka.

"Ndizi za nini?" Mkaguzi akauliza, tena kwa Kiswahili.

Zena akapiga goti kidogo. "Shikamoo. Bibi amesema ungo wa mtu haurudishwi mtupu." Kisha akanigeukia, akatoa maelezo yake kwa Kiingereza, borrow yake na lend yangu, kila moja mahali pake.

"Marahaba," Mkaguzi akasema, akachukua ndizi. "Mkuu, huyu mwalimu muache na ungo wake."

Nikathibitishwa. Nilipohamishiwa Ngerengere ungo ulikwenda nami, na Zena alipokuwa mwalimu wa Kiingereza alikuja kuuazima.

Sasa nimestaafu, naishi Mafiga. Wiki za kwanza zilikuwa tamu, zilizofuata zikawa ndefu. Asubuhi nilivaa viatu vya kazini, nikakaa navyo barazani, na nilikuwa na huzuni.

Juzi Zena akaja. "Shikamoo, Mwalimu. Nimerudisha ungo."

"Marahaba, mwanangu. Ndizi ziko wapi?"

Akafunua kanga. Ungo ulijaa madaftari ya kidato cha kwanza. "Nina mikondo minne, Mwalimu, nimelemewa. Naomba unisahihishie."

Nikafungua daftari la juu. Mstari wa kwanza tu, mtoto kachanganya borrow na lend. Nilifurahi, jamani, nikamwita mke wangu aniletee kalamu nyekundu.