Ezira, Mlinzi wa Pampu

Kama umewahi kulala kwenye gesti ya Afande Mutabazi hapa Mbarara, ile iliyo upande wa kutokea kwenda Masha, bila shaka umemwona Ezira. Ni yule mzee mrefu, mwembamba, anayeshinda kando ya tangi la samaki na kitambaa laini begani. Wageni wengi humdhania ana kichaa kidogo. Mimi Sidonie, Mrundi, mama wa Aimable, ndiye ninayepika humo, na huwaambia kwamba Ezira ana akili zake timamu. Alidanganya mara moja tu. Wengine tunadanganya kila siku na tunalala vizuri.

Kwao ni milimani, Kivu Kusini, watu wa ng'ombe na wa ibada ndefu za Jumapili. Samaki kwao hawaliwi. Siku ya kwanza nilipokaanga sato alitoka jikoni ameziba pua, nikamcheka hadi machozi. Lakini Afande aliponunua tangi lake Kampala akalijaza samaki wa rangi, na sisi wafanyakazi tukawaua wanne kwa wiki moja kwa kuwalisha ugali, ni huyo huyo Ezira aliyewaokoa. Alikuwa ameajiriwa kubeba maji tu. Akaanza kuchota maji ya tangi kwa bakuli na kuyamwaga tena kutoka juu ili yapate hewa, asubuhi, mchana na jioni, mpaka mkono unamuuma. Samaki wakaacha kufa.

Akawapa majina ya ng'ombe kwa rangi zao, huyu Bihogo, yule Gaju. Afande ni Mnyankole, amekulia zizini kabla jeshi halijamchukua na kumweka kambi ya Makenke miaka mingi. Aliposikia majina hayo alicheka mpaka gego likaonekana.

"Mutu najua rangi ya ng'ombe," alisema, "hapana danganya juu ya munyama."

Tangu siku hiyo neno la Ezira kuhusu samaki likawa sheria ndani ya gesti.

Mwezi wa tisa pampu ikaja. Aliileta fundi Gervais, Mkongo anayefunga matangi huko Kampala, na siku hiyo Afande alikuwa amekwenda mazikoni. Pampu yenyewe ni vipande viwili. Kimoja chenye panka ndogo hukaa ndani ya maji, kingine hukaa nje, na sumaku zao hushikana kupitia ukuta wa tangi. Panka husukuma maji, maji huzunguka, samaki hupata hewa. Sasa ukuta wa tangi letu si kioo, ni ile plastiki ngumu, angavu, inayoitwa akriliki, na Ezira alitaka kujua kama sumaku kali vile haitaivunja. Gervais akatoa rula akapima.

"Haina shida, muzee. Ukuta iko na milimita kumi na tano, na hii pampu inashika mpaka makumi mbili. Akriliki haipasukake ovyo kama kioo. Adui yake ni mukwaruzo. Usiburute sumaku hata siku moja! Ukitaka kuihamisha, utoe ya inje kwanza, upanguse, uone kama hakuna muchanga, ndiyo urudishe."

Akamwonyesha pia waya uachwe uning'inie chini ya soketi kwanza ndipo upande, ili tone la maji lisitambae hadi kwenye umeme. Kisha akapanda basi lake. Sisi wengine hatukuwa tumesikiliza, tulikuwa na wageni wa chakula cha mchana.

Ezira alibaki anatazama maji yakizunguka yenyewe. Kazi ya bakuli ilikuwa imekwisha. Baadaye aliniambia kwamba alijiona amefukuzwa kazi na kitu kisichozidi ngumi.

Afande alirudi bado amevaa koti la mazishi, akagusa kile kipande cha nje, akashtuka kilivyong'ang'ania.

"Ezira, hii sumaku kali namna hii, hapana vunja plastiki?"

"Inaweza, Afande," akajibu Ezira. "Inaomba mutu wa kuichunga."

Hayo tu. Lakini ukimwambia mwanajeshi kuna hatari, yeye anaweka lindo. "Basi wewe nachunga," Afande akasema. "Hapana toka hapa." Mkeka ukaletwa, ukatandikwa chini ya tangi. Chakula chake nikawa nampelekea palepale.

Mwezi wa kwanza wa lindo alifurahi, alimshukuru Mungu waziwazi kwa kumhifadhia kazi. Mwezi wa tatu wa lindo miguu ilianza kumvimba kwa kukaa. Akaomba Jumapili moja tu aende kusali, Afande akamwuliza kama sumaku nayo inapumzika Jumapili. Sokoni hakwenda, kinyozi aliitwa kuja kwake. Ng'ombe wakipita barabarani kwenda mnadani alisimama dirishani hadi mkia wa mwisho upotee, halafu akarudi kupangusa plastiki ambayo haikuwa na hata doa. Nilimtania kwamba samaki wako ndani ya maji na yeye yuko nje, lakini sioni tofauti. Hakucheka, na utani ule niliujutia baadaye.

Siku moja ya Jumanne, mwezi wa Machi, simu yake ikalia. Masikio yake hayasikii vizuri, kwa hiyo huongea kwa spika, na sote tukasikia. Alikuwa Byamungu, jirani yake kule kambi ya wakimbizi ya Nakivale.

"Muzee Ezira, bale ba komite banapita nyumba kwa nyumba. Bantu ba mupya banakuya mingi, fasi inakosekana. Nyumba ya kufuli bataipatia bengine. Yako iko na kufuli tangu miezi sita! Alhamisi banafika kwetu. Kama habakuone na macho, basi."

Nyumba hiyo aliijenga kwa mikono yake, yeye na mkewe Nyiramana, wakikanyaga udongo kwa miguu. Nyiramana alifia humo miaka miwili iliyopita. Watoto hawana. Hakuna kitu kingine duniani kilichoandikwa jina la Ezira.

Akaomba ruhusa ya siku moja. Afande akakataa. Tangi likipasuka watu wanakula, na umeme uko palepale, nani atakuwepo? Nikajitolea kulinda mimi.

"Wewe Mama Aimable?" Afande akanigeukia. "Mimi narudi jioni nakuta Gaju kwa sahani."

Utasema, si angetoka tu? Nami nilisema hivyo. Lakini vitambulisho vyetu vya ukimbizi vilikuwa kwenye droo ya Afande, eti kwa usalama, na bila kitambulisho Ezira angesimama mbele ya komite kama mzee yeyote aliyepotea njia.

Jioni ile nilipompelekea chakula ndipo akaniambia ukweli wote, maneno ya Gervais, rula, milimita. Hasira zilinipanda! Mzee mzima, mtu wa kanisa, amejifunga mwenyewe kwa ulimi wake. Nikamwambia kesho asubuhi amwendee bosi, aseme ukweli, mambo yaishe. Mimi ndiye niliyemsukuma.

Jumatano asubuhi akasimama mbele ya Afande, kofia mkononi.

"Afande, nilikudanganya. Pampu haina hatari. Gervais alipima."

Afande akahesabu kwa vidole. "Miezi sita wewe nasema hatari. Leo nataka kwenda kwako, leo hapana hatari?"

"Uongo ilikuwa ile ya kwanza."

"Sasa mimi najua aje gani ni ya uongo?"

Tukampigia Gervais, simu haipatikani. Tukapiga tena na tena. Mwishowe Afande akasema, kama kweli ni salama, Ezira aitoe pampu na kuirudisha mbele ya macho yake.

Kazi hiyo Ezira aliifanya kila wiki, kwa taratibu zote. Siku hiyo aliharakisha. Huko nje kondakta alikuwa anaita abiria wa Nakivale, na nadhani moyo wake ulikwishapanda gari. Badala ya kutoa kipande cha nje kwanza, alikivuta. Cha ndani kikafuata, na chini ya hiki cha nje palikuwa na mchanga. Tulisikia sauti kama ya msumari kwenye sahani. Mstari mweupe ukatokea kwenye ukuta, mrefu kama mkono wangu.

"Iko napasuka!" Afande akapiga kelele, na kuwaondoa wageni mezani.

Niliupitisha ukucha kwenye ule mstari. Haukuwa ufa, ulikuwa mkwaruzo tu, hata tone halikutoka. Nilisema hivyo kwa sauti, nikarudia. Nani amsikilize mpishi? Afande akaamuru Ezira asisogee hata hatua mpaka fundi apatikane.

Alhamisi mchana simu ikalia.

"Banavunja kufuli," Byamungu akasema. "Mama moja na batoto bane banaingia. Nilibeba matela yako ya kulalia na Biblia, iko kwangu. Ule mama analia, anaomba umusamehe."

Ezira akaisogeza simu karibu na mdomo.

"Umuambie mvula inaingiaka upande ya jiko," akasema. "Aweke sufuria."

Niliingia jikoni nikalia juu ya vitunguu, ili mtu akiuliza niwe na cha kusingizia.

Jumamosi Gervais akapatikana, akaja. Alicheka alipouona ule mstari. Akausugua na dawa laini na kitambaa, akizungusha mkono taratibu, na kufika saa sita ukawa hauonekani mpaka uutafute. Akamwambia Afande wazi kwamba pampu ni salama kwenye akriliki ya unene ule, ilikuwa salama tangu siku ya kwanza, na mzee huyu aliambiwa yote mwezi wa tisa.

Nilisimama mlangoni na mwiko mkononi, nikisubiri Ezira afukuzwe. Nadhani Afande aliona haya, maana mtu alikuwa amemwambia ukweli naye akaukataa. Akaenda kwenye droo, akatoa kitambulisho, akakiweka mkononi mwa Ezira.

"Pampu najichunga yenyewe," alisema, kwa sauti ya chini ambayo sijawahi kuisikia kwake. "Kazi yako iko. Chukua wiki moja, enda nyumbani."

Ezira alikipokea kwa mikono miwili. Akakisogeza karibu na macho, akasoma jina lake, kijiji, namba ya nyumba. Akakisoma chote hadi chini.

"Nyumbani ya nani, Afande?"

Aliuliza kwa upole kabisa, kama mtu anayeuliza njia. Na Afande Mutabazi, ambaye sijawahi kumwona akikosa amri ya kutoa, akarudi kuifunga droo.