Nilimwambia Ringi Zimefuliwa

Basi yule bwana akainama, akaipapasa ringi ya gari kwa kidole, akaniuliza, "Mama, hizi zimefuliwa?" Nami nikamjibu, "Zimefuliwa, baba, huoni zinavyong'aa?" Maneno hayo tu. Hayo ndiyo yaninyimayo raha mpaka leo nina miaka themanini na ushei, cheti sina, nahesabu kwa watoto niliozaa.

Mkaza mwanangu ndiye anayeandika, mie kalamu sijui hata ishikwe wapi. Ananiambia nianze mwanzo, nimtaje huyo bwana ni nani. Haya, tumwite Karisa, silo jina lake. Wenye ukurasa huu wa ushauri, na langu nalo mlifiche, mji wetu huu mdogo.

Ilikuwa miaka ya themanini, Kilifi bado twavuka kwa feri. Marehemu mume wangu aliuza vipuri vya magari hapa Malindi, nyuma ya soko. Ringi zile za kung'aa zilikuwa ndiyo fasheni, kila mwenye gari azitaka. Siku hiyo alikwenda Mombasa akaniachia duka. Kulikuwa na marundo mawili. Akaniambia, "Hizi bei ya juu, hizi nusu yake, usichanganye." Mie kwa macho yangu zote moja, duara na matundu yake. Zile za nusu bei zilikuwa na vumbi, nikaona aibu kuuza kitu kichafu. Nikazifua kwa mchanga na ndimu kama nafua sufuria za harusi. Mamangu alinifunza hivyo, sufuria zake ulijitazama uso.

Sasa Karisa babake alikuwa mhunzi huko Magarini, mfua majembe. Kwake yeye kufua ni nyundo na moto. Kwangu mie kufua ni maji na sabuni. Aliposikia zimefuliwa, akataja bei mwenyewe, karibu mara mbili ya niliyoagizwa. Nikapokea. Nikasema moyoni, huyu ana pesa zake.

Mume wangu aliporudi nikamhadithia kwa raha. Akanitazama. "Umemwambia zimefuliwa?"

"Nilizifua mwenyewe."

"Mke wangu, ringi hufuliwa kwa nyundo." Akaketi, akanieleza kama mtoto. Wewe wapika mkate wa kumimina, akasema, ukiukata ndani una vitundu. Na hizo za bei ya chini ndivyo zinavyotengenezwa, madini huyeyushwa yakamiminwa. Anayemimina vizuri, akangoja ipoe kwa utaratibu, atoa ringi ya maana. Mwenye haraka hubakisha hewa ndani, kisha apaka rangi ya fedha, nani ataona? Ile iliyofuliwa hugongwagongwa mpaka ikashikana, haina pa kuingia hewa, ndiyo maana ghali. "Na hizi sijui zilimiminwa na nani," akasema. "Karisa abeba saruji. Akipita, mwambie azirudishe, tumpe pesa yake."

Akapita. Jumatatu yake alisimamisha pikapu mlangoni, akanipungia mkono. "Mama, ringi zako tamu, gari yaenda kama yatelezeshwa."

Nikamwambia, "Alhamdulillahi, nenda salama."

Pesa nilikuwa nishazinunulia kitanda cha samadari cha binti yangu aliyekuwa akiolewa. Nilijua, jamani. Mara ya kwanza sikujua, mara ya pili nilijua. Mume wangu nikamdanganya kwamba nimemwambia na amekataa.

Haukupita mwezi. Hapo karibu na Dabaso, barabara ilikuwa na shimo, ringi ya mbele ikavunjika vipande, pikapu ikapinduka, Karisa akafa palepale. Nyuma alikuwa amebeba saruji na mtungi wa tembo, pombe ya mnazi, wa kupeleka mahari ya mpwawe. Mtungi ukammwagikia. Waliomtoa walimkuta anuka tembo toka kichwani hadi miguuni, wakasema amelewa. Na Karisa alikuwa ameacha pombe, alimwapia mkewe mbele ya wazee.

Mume wangu alikwenda kulitazama gari. Akarudi na kipande cha ringi, akaniwekea mkononi. Ndani kilikuwa na vitundu kama mkate. Kisha akakitupa chooni, na mpaka anazikwa hatukulitaja tena.

Mkewe Karisa, nitamwita Dama, mie nilikwenda kumfariji kwa hofu, si kwa wema. Nikampelekea mchele, nikawa namkalia na watoto, mara tukawa ndugu. Ananiita dada. Hana rafiki mwingine kama mie, hilo ndilo baya. Siku moja nilijaribu, nikamwambia, "Dama, pengine hakulewa." Akacheka. "Dada, wewe una moyo mzuri. Mie nilimwosha, nilimnusa."

Kwa miaka yote hii kaburi la mumewe halifyeki. Sasa Dama ni mgonjwa, madaktari wamemrudisha nyumbani. Juzi amewaita wanawe, akawaapisha wasimzike karibu na baba yao. "Mlevi aliyenivunjia kiapo sitalala naye." Wanawe walilia, wala hawakubisha.

Nikisema, nitakuwa nimemuua dada yangu kabla ya siku yake, na wanawe wataniona nyoka. Nikinyamaza, atakufa akimchukia mtu asiye na kosa, na wataachanishwa hata makaburini kwa sababu ya ulimi wangu. Nyinyi mliosoma, mlio wengi huko, nishaurini, nifanye nini mie? Msinihurumie, niambieni tu. Na mnijibu upesi, maana ha

Ngoja, kuna mtu mlangoni. Ni binti yake Dama.

"Mama mkubwa, mama akuita. Uji amekataa, asema mpaka uje wewe."

Naja, mwanangu, naja. Acha hapohapo, mkaza mwanangu, watumie ilivyo. Nipe mkono niinuke.