Siku Wakubwa wa Mradi Walipokuja Kumbeba Binti Yangu

Binti yangu alizaliwa kabla ya wakati wake, msimu wa baridi, na tulipomleta nyumbani Githongo, huku Imenti, alikuwa mdogo kiasi kwamba mama mkwe aliogopa kumshika. Wakati huo kulikuwa na mradi wa kuwahudumia watoto kama yeye nyumbani, wasije wakashikwa na homa ya mapafu. Muuguzi wa mradi alikuja kila wiki, viatu vimejaa matope ya mashamba ya kahawa. Alinifundisha kumfunga mtoto kifuani, ngozi kwa ngozi. Jiko lisiingie chumbani. Asiyenawa asimshike, na mwenye kikohozi asivuke mlango, hata awe pasta.

Tulitii. Mama mkwe aliweka beseni na sabuni mlangoni. Wanawake wa kanisa walipokuja, alipokea ndizi zao akawarudisha wenyewe makwao.

Kisha wakubwa wa mradi wakaja kutoka Nairobi kujionea kazi yao. Walishuka kwenye magari wakinyanyua suruali, kana kwamba matope yetu yanauma. Mkubwa wao alikuwa akikohoa tangu getini.

"Mama," akaniambia, mikono imenyooshwa tayari, "tupe mtoto tupige picha."

"Unawe kwanza. Na kwa kikohozi hicho, huingii."

"Hiki? Ni vumbi tu la barabara."

Mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha. Imenti nzima haikuwa na vumbi la kujaza kijiko.

"Mama, sisi ndio tuliowafundisha watu kunawa!" akasema, na wenzake wakacheka kile kicheko cha watu wanaongoja kupandishwa cheo.

Muuguzi wetu alisema polepole, "Mkubwa, hiyo ndiyo sheria yetu." Yule bwana alimtazama kana kwamba kiti kimeongea. Mama mkwe akainuka, akajaza mlango wote kwa mwili wake, akamwambia kwa Kimeru kwamba akitaka mtoto wa kubeba akazae wake. Hakuna aliyetafsiri, na hakuna aliyehitaji kutafsiriwa.

Wakaenda kwa jirani. Yeye alikuwa na mvulana wa miezi minane, mnene, aliyezaliwa kwa wakati wake na ambaye mradi haukuwahi kumjua. Jirani aliona fahari, akawapa. Mkubwa alimbeba, akambusu shavuni, akakohoa kando ya sikio lake. Picha ikapigwa.

Haikupita muda mrefu mvulana akaanza kuhema kwa shida, mbavu zikiingia ndani, na tukamkimbiza hospitali. Sitaapa ni busu lile. Lakini sikusikia mwingine aliyemkoholea usoni.

Alipona, Mungu asifiwe, lakini alilala wodini siku nyingi, na kabla hajatoka picha ikabandikwa ukutani mbele ya kitanda chake: mkubwa anatabasamu, mvulana mikononi, na chini maneno makubwa kwamba mtoto huyu amekingwa nyumbani. Jirani aliitazama.

"Nishikie upande ule," akaniambia. Tukakigeuza kitanda, mtoto akaangalia dirisha.

Muuguzi alihamishiwa mbali, na nafasi yake haikujazwa. Binti yangu alikua bila mradi. Mpaka leo, akisikia mtu anakohoa, mama mkwe huuliza kama huyo naye ni mkubwa wa mradi.