Kopo la Kizungu na Boflo la Papa

Nicheke, msomaji, nimeyataka mwenyewe. Mimi ni tarishi wa ofisi moja hapa Changamwe, na tangu nivae viatu najiona bwana mkubwa. Kila asubuhi mama hunitilia mkate wa boflo wenye papa wa kuchoma na halua, kama alivyotutilia mimi na rafiki yangu Chengo tulipokuwa wadogo Kisauni. Lakini mwenye viatu atakulaje papa mbele za watu? Juzi nikaokota kopo tupu kwenye taka za Mzungu wetu wa ofisini, nikalisafisha, nikaliweka kando ya boflo langu.

"Nyama ya Ulaya hii," nikawaambia wenzangu, nikitafuna kwa maringo.

Kizungu sikijui. Chengo, aliyesoma misheni, akapita kunisalimu, akalisoma lile kopo.

"Athumani, tangu lini wala nguruwe?"

"Astaghfirullah!" Wenzangu wakaruka. Mzee mmoja akakusanya kanzu yake isiniguse.

"Wallahi si nguruwe!" Nikalipasua boflo, nikawapitishia puani mmoja mmoja. "Nuseni! Ni papa! Papa na halua!"

Chengo alikwisha kumega nusu.

"Mkono wa mama uleule," akasema, mdomo umejaa.