Bei Moja kwa Vitabu vya Simu

Baba yangu ni mwalimu mstaafu mwenye duka la vitabu mjini Njombe, na rafiki yake wa kufa na kuzikana ana duka kama hilo Makambako. Walisoma pamoja shule ya misheni, na kila mmoja alimsimamia mwenzake ndoa. Mimi namwita yule rafiki baba mdogo, ingawa kwa umri amemzidi baba. Jambo hilo baba hajawahi kulikubali.

Jumapili nyingi alikuja kusali kwetu Njombe. Kwa hiyo siku niliyowaona wametoka kanisani kila mmoja na njia yake, bila kusalimiana, niliogopa kweli.

Chanzo kilikuwa vitabu vya simu. Mteja analipa, duka linamtumia namba ya kufungulia, kitabu kinafunguka kwenye simu yake, na simu ya duka inalia kuthibitisha. Bei, kila duka linajipangia. Zamani mtu wa Njombe asingepanda gari hadi Makambako kufuata kitabu cha bei nafuu, maana nauli ingemmaliza. Cha simu ananunua akiwa amejifunika blanketi lake. Baba mdogo alishusha bei akiwalenga wasafiri wanaosubiri mabasi pale njia panda, na wateja wetu nao wakamfuata kimyakimya. Baba akashusha. Yule akashusha tena. Mwisho wote wawili walikuwa wanauza bila kubakiwa na kitu ila hasira.

Sasa, kwetu wakulima wa viazi wana desturi yao. Lori la mnunuzi likikaribia, wenye mashamba hukutana kwanza wakapatana bei, dalali asije akawamaliza mmoja mmoja. Anayeshusha peke yake hasemwi vizuri hata msibani kwake. Baba amekuwa katibu wa vikao hivyo miaka mingi, na siku moja alijipiga paji la uso akasema, "Kumbe dawa tunayo!" Akampigia mwenzake.

Baba mdogo alifika Jumapili, sweta mbili mwilini.

"Kamwene," alisalimu kwa lugha ya kwetu, amesimama mlangoni bila kuingia.

"Kamwene. Ingia bwana, unatuingizia baridi."

Ulanzi, pombe yetu ya mianzi, ulikuwepo. Nusu saa haikuisha, walikuwa wanacheka. Mimi ndiye niliyechapa muhtasari: waliohudhuria, wawili; wasiohudhuria, hakuna; azimio, vitabu vya simu viuzwe kwa bei moja Njombe na Makambako, na atakayeshusha atatoa debe la ulanzi. Wakatia sahihi, wakagonga mihuri ya maduka yote mawili. Nakala moja ilibandikwa ukutani dukani kwetu, pembeni ya kalenda ya parokia. Nyingine niliipeleka kwa mkono wangu ofisi ya biashara, "kwa taarifa", nikahakikisha wamesaini kuipokea. Sijawahi kusikia wakosaji wengine waliojishtaki kwa mhuri.

Wiki chache baadaye akaja mama mmoja wa makamo kutoka ofisi inayosimamia ushindani wa biashara. Alimwamkia baba vizuri, akausoma ukuta wetu taratibu, kisha akauliza, "Mwalimu, hii mmeandika wenyewe?"

"Na mihuri tumegonga wenyewe," baba alijibu kwa fahari.

Yule mama alikaa chini. Akaeleza kwamba washindani wawili kupatana bei ni kosa, na faini yake inaweza kulifunga duka.

"Washindani?" Baba alicheka. "Huyu ndiye aliyenisimamia ndoa!"

"Ndoa nzuri, mwalimu. Lakini mnauza bidhaa moja kwa watu walewale."

"Mbona viazi tunafanya hivyo?"

"Viazi tuviache kwanza. Niambie, katika kikao hiki mnunuzi alikaa upande gani?"

Baba aligeuka akautazama mlango wa duka. Nilijua amemkumbuka nani. Kulikuwa na mwalimu wa kike kutoka Kichiwa aliyekuwa akinunua hadithi moja kila wiki ili awasomee watoto darasani. Bei mpya, ya juu kuliko ile ya zamani, ilipotangazwa alisema, "Nitarudi," na hakurudi. Baba alikuwa amemuulizia mara mbili. Nilimwonea huruma baba yangu siku ile, nikamwonea hasira pia, na hasira nyingine nikajigawia mwenyewe, maana karani wa dhambi ile nilikuwa mimi.

Tulisalimika kwa onyo. Muhtasari ukabanduliwa, kila duka likaamriwa lijipangie bei yake, na wazee wakakatazwa kupatana tena. Baba alishusha siku hiyohiyo, akanituma nimpigie mwalimu wa Kichiwa. Lakini onyo lile alilishika kama katekisimu. Alikatazwa kupatana bei za vitabu; yeye akaacha kuzungumza bei za kitu chochote. Baba mdogo akigusia mbolea, baba anakohoa. Akigusia viazi, baba anasimama kuchochea jiko. Na wazee hawa, ukiwaondolea bei, wanabaki na nini cha kuongea? Baadaye miguu ya baba mdogo ikaanza kumsumbua, akaacha kuja Njombe. Jumapili zikapita. Nikajua urafiki ule umekufa, na nakala ya cheti cha kifo niliipeleka mimi.

Mwaka huu simu ya baba iliharibika, akanipa nihamishie vitabu vyake kwenye simu mpya. Vilikuwa vingi, na vyote vilikuwa vimefunguliwa kwa namba za duka la Makambako. Kimoja kila Jumatatu.

"Baba, hivi tunaviuza sisi. Unanunuaje kwa mwingine?"

"Nilitaka kujua anauza bei gani. Mteja anaruhusiwa kuuliza."

"Na ulipoijua?"

"Ni yake. Mimi nina yangu."

"Sasa mbona uliendelea?"

Alipuliza chai yake. "Nikinunua, simu yake inalia. Anajua nipo."

Nilikwenda kufungua kumbukumbu za duka letu. Kila Jumatatu asubuhi kulikuwa na mteja mmoja wa Makambako, na namba yake ya simu naijua tangu utotoni. Kwa muda wote ule nilikuwa nikiisikia simu ikilia, nikidhani ni biashara. Nililia pale kaunta, mtu mzima mimi.

Jumatatu iliyopita simu haikulia. Saa nne, kimya. Saa sita baba alivaa sweta, akachukua kofia, akasema anakwenda kunyoosha miguu. Miguu aliinyooshea Makambako. Alirudi jioni kwa gari la mwisho amenuna, nikajua hakuna msiba.

"Amesahau kuchaji simu!" alifoka hata kabla hajakaa. "Nimemkuta anakula mahindi. Mtu mzima, anakula mahindi!"

Nilimpa chai. Akainywa yote kofia ikiwa bado kichwani, akaomba nyingine.

Kesho yake asubuhi, kabla sijamaliza kufagia, simu ya duka ililia mara mbili: vitabu viwili, mteja yuleyule wa Makambako.