Pikipiki Iliyolala Sebuleni

Kama kuna kitu kilichomtia Bibiana kinyaa katika uzee wake, ni ile pikipiki mpya ya mwanawe Fabian. Wala hakuichukia kwa mbali, kama mtu anavyomchukia jogoo wa jirani. Alilala nayo. Nyumba yao ya Karatu ni chumba na sebule: chumbani alilala Fabian, sebuleni alilala mama yake kwenye kitanda chembamba nyuma ya pazia, na upande wa pili wa pazia, juu ya mkeka, ililala pikipiki. Kila jioni iliingizwa kinyumenyume kwa heshima zote, Fabian akihema na kujiambia "taratibu, taratibu," utadhani analeta mgonjwa kutoka hospitali.

Pikipiki kulala ndani si ajabu. Karatu nzima wanazilaza ndani, maana ukiiacha nje utaamka umebaki na helmeti tu. Hata ile ya zamani ililala ndani, ila jikoni, kwenye banda la nyuma, pamoja na kuku na masufuria. Hii mpya haikuweza kulala jikoni. Moshi, alisema Fabian, unaharibu rangi.

"Na petroli haiharibu mtu?" Bibiana aliuliza.

"Mama, hii haivuji. Hii ni toleo jipya."

Toleo jipya! Bibiana aliyasikia maneno hayo hadi yakamtoka puani. Fabian ni dereva wa watalii. Anawateremsha kreta, anawaonyesha simba, anarudi na vumbi hadi kwenye kope, na siku za mapumziko ana kundi lake la wapanda pikipiki wanaokimbizana kwenye lami kuelekea Makuyuni, wamevaa majaketi meusi juani. Kwenye kundi hilo ile ya zamani ilianza kumtia aibu. Ilikuwa ya aina moja na hii mpya, saizi ya kati, isiyo na makava, injini nje nje; wenyewe wanaiita neked. Bibiana alipoambiwa maana yake, yaani ya uchi, alisonya. Machoni pake hiyo mpya ilifanana na mbuzi aliyepasuliwa tumbo akasahauliwa kwenye ndoano ya bucha. Mabomba, nyaya, nati, kila kinachostahili kufichwa kimeachwa wazi, halafu wanaume wazima wanakusanyika kukitazama huku wanameza mate.

Na walikusanyika kweli. Walivua viatu mlangoni, wakachuchumaa sebuleni kwa mtu mzima bila hata kumaliza shikamoo, wakagusa hiki, wakagusa kile. Fabian akawaeleza. Breki zake zina kompyuta, hazibani tairi hata ukizikanyaga kwa hofu. Gia zinaingia bila kushika klachi. Shokapu za mbele zimegeuzwa juu chini na kona sasa unazila bila wasiwasi. Taa ni mpya, kioo kidogo cha mbele kinaongea na simu, uzito umepungua, siti ya dereva imeshushwa na usukani umesogezwa ili mgongo wake usiume. Bibiana alikuwa nyuma ya pazia akichambua maharage, na angeweza kuwasomea yote hayo kwa kichwa vizuri kuliko sala ya jioni.

Tusimwonee Fabian, breki hazikuwa uongo. Ng'ombe alimkatiza pale Rhotia na yeye akasimama wima, bila hata kuyumba. Ile ya zamani ingemlaza wodini. Bibiana alimshukuru Mungu kwa hilo, akawasha na mshumaa, na bado aliichukia.

Maana palikuwa na sehemu moja ambayo hao mabingwa wa kuboresha waliigusa kwa kuikata tu. Nyuma. Ile ya zamani ilikuwa na siti ndefu na keria ambayo Fabian aliichomelesha kwa fundi. Bibiana alikaa upande, miguu pamoja, shuka la Kimasai mabegani, mkoba wake kwenye keria, na hivyo ndivyo walivyokuwa wakishuka Mang'ola mara kwa mara kumwona rafiki yake Germana. Hii mpya mkia umepanda juu, na juu ya mkia kimebandikwa kipande cha siti kisichozidi kitabu cha nyimbo. Keria hakuna. Pa kukanyagia pako juu kiasi kwamba mama mzima lazima magoti yamgonge kidevu.

"Abiria anakaa wapi?" aliuliza siku ilipofika.

"Mama, hii siyo ya mizigo."

Bibiana akaenda kugeuza ugali.

Huyo Germana hakuwa mtu wa kupita. Walikutana wasichana kwenye shamba la kahawa, mmoja ametoka Mbulu, mwingine Singida, wakapangiwa chumba kimoja kambini. Walichuma kahawa safu moja, wakaugua malaria kwa zamu, na Fabian alipoamua kuzaliwa wakati mvua imekata njia, ni Germana aliyempokea kwa mikono yake na kumfunga katika kanga yake mwenyewe. Baadaye alihamia Mang'ola kulima vitunguu kwa maji ya mfereji, na huko ndiko ugonjwa wa tumbo ulikomkuta. Binti yake, Lilian, alipiga simu: mama hali tena, mama anaisha, mama anakuulizia. Bibiana hakuomba muujiza. Alitaka kitu kimoja tu, amkumbatie mwenzake angali anajua anakumbatiwa na nani.

"Jumapili, Mama," Fabian alisema. "Jumapili nakupeleka. Utajibana hapo nyuma."

Jumamosi Bibiana alifua, akapiga pasi. Alitia kwenye begi kitenge chake cha sikukuu, sweta, na kanga mpya ya Germana, akaliweka mkekani karibu na mlango, jirani na tairi la nyuma, ili asubuhi wasihangaike. Jioni Fabian alirudi amejaza tanki hadi shingoni. Nje palikuwa na ile baridi ya Karatu inayoingia mifupani. Ndani Bibiana alikuwa amewasha jiko la mkaa na kufunga madirisha. Petroli baridi ikijazwa pomoni halafu ikaletwa kwenye joto, hutanuka na kutafuta pa kutokea. Kila mpanda pikipiki anajua, na Fabian alijua, lakini alikuwa bize kufuta kioo kinachoongea na simu. Kwa hiyo usiku kucha petroli ilidondoka, tone kwa tone, kupitia kamrija kembamba ka chini ya tanki, mkekani na juu ya begi. Kwamba hawakuungua wote wawili ni huruma ya Mungu tu, maana akili haikuwepo.

Bibiana hakunusa chochote. Alikwishalala na harufu hiyo muda mrefu, pua yake iliizoea kama inavyozoea moshi wa kuni.

Asubuhi alipotoka amevaa kitenge na sweta alivyovitoa begini, Fabian alikuwa amevaa jaketi lake jeusi.

"Mama, nimefikiria. Njia ya Mang'ola ni mawe matupu. Hii tumbo lake liko chini, tairi zake za lami. Wiki ijayo nitaomba gari kwa bosi, utakaa vizuri."

"Germana anayo hiyo wiki ijayo?"

Simu ikaita. Kundi lilikuwa sheli linamsubiri. Fabian akasema "Mama, usinielewe vibaya," akaisukuma nje, akaiwasha, na majirani wakatoka milangoni kuusikiliza mlio wake. Huyu ndiye mtoto aliyefungwa katika kanga ya Germana. Bibiana akatema mate.

Kisha akachukua begi lake akaenda kusimama barabarani, pale zinapopita lori tupu zinazofuata vitunguu. Dereva mmoja anayemfahamu, Naftali, alimpandisha mbele. Njia nzima Naftali aliendesha madirisha yakiwa wazi. Vumbi liliingia likawapaka wote wawili, Bibiana akajifunika uso, akasema moyoni kijana huyu hana hata adabu ya kufunga kioo mbele ya mtu mzima. Lakini alimfikisha hadi njia ya kwa Germana, akamshika mkono kumteremsha, na akasema atampitia akipakia.

Lilian alimpokea uani. "Shikamoo mama mkubwa," alisema, akamkumbatia, kisha akasogea nyuma kidogo na kumtazama. Bibiana hakuwa na wakati wa kutazamana na mtu. Aliingia ndani moja kwa moja.

Germana alikuwa amebaki macho tu na mifupa, lakini macho yalikuwa yaleyale. Yalimwona, yakacheka. "Mama Fabian," alisema, akainua mikono. Bibiana akapiga magoti, akainama kuingia kwenye mikono ile.

Hapo Germana akashtuka, akageuza uso ukutani, akaanza kutapika. Hakuwa na cha kutapika, alitoa maji ya njano na kilio. Alijaribu kujizuia, alijifunika pua kwa ncha ya shuka, akaomba radhi, akatapika tena.

"Petroli," alisema. "Mwenzangu, umeogeshwa petroli? Nisamehe. Sogea kidogo, nisamehe."

Bibiana alitolewa nje na Lilian, ameshikwa mkono kama mwizi. Sasa tu akalikumbuka dirisha la Naftali. Alinusa kitenge chake, akanusa sweta, hakusikia kitu, na hilo ndilo lililomtisha zaidi. Alikwenda mferejini, akajisugua kwa sabuni ya mche hadi ngozi ikawasha, akavaa gauni la Lilian. Aliporudi hadi mlangoni, Germana akatikisa kichwa huku machozi yanamtoka. Harufu ilikuwa bado kwenye nywele. Ile kanga mpya haikufaa hata kutolewa kwenye begi.

Basi akakalishwa nje, kwenye ndoo iliyopinduliwa, chini ya dirisha. Waliongea kupitia dirishani, mmoja amelala, mwingine haonekani. Waliongea habari za kambini, za nyapara aliyekuwa akilala chini ya mikahawa.

"Na mtoto wangu hajambo?" Germana aliuliza. "Nilidhani atakuja. Nilitaka nimwone mara ya mwisho."

"Yuko kazini," Bibiana alisema. "Anakusalimu sana."

Alikaa kwenye ndoo hadi honi ya lori ilipolia. Aliaga kupitia dirishani. Hakumgusa.

Nyumbani alimkuta Fabian amechuchumaa sebuleni na kitambaa. "Samahani, Mama, inaonekana ilivuja kidogo jana, nilizidisha kujaza. Lakini usijali, nimeshaifuta. Rangi haijaguswa." Mkeka alikuwa hajaufuta. Umekaa vilevile, umelowa doa kubwa, na yeye amelikanyaga.

Bibiana alilivuta godoro lake, akalipitisha mlango wa nyuma, akaliingiza jikoni kwa kuku. Fabian alimfuata akibembeleza, mara kuna baridi, mara majirani watasemaje, mara moshi.

"Moshi unaharibu rangi," Bibiana alisema. "Mimi sina." Akamfungia mlango.

Hapo jikoni ndipo simu ya Lilian ilipomkuta, wiki haijaisha. Hakulia kwa sauti. Fabian ndiye aliyelia. Aliposikia msiba akiwa mlangoni pa jikoni alikaa chini kwenye majivu, dume zima, akaomba aelezwe yote, na Bibiana akamweleza yote: mikono iliyoinuliwa, matapishi, mfereji, ndoo, dirisha, na swali aliloulizwa. Hakumpunguzia hata neno moja.

Fabian alinyanyuka bila kujipangusa. Aliitoa pikipiki sebuleni, safari hii bila taratibu, ikajigonga kwenye fremu ya mlango na kuchubuka tanki, naye hakutazama. Alikunja jaketi lake akalitandika juu ya kile kisiti cha nyuma.

"Panda, Mama. Mawe yaipasue, sijali. Nakupeleka Mang'ola."

Bibiana alijifunga shuka lake mabegani, akaikaribia, akasimama karibu na lile tanki.

"Sasa ndiyo unaweza kunipeleka," alisema. "Germana hasikii tena harufu."